Maabara ya Kisumu inayopima homoni za thairoidi

Maabara hii iliyo katikati ya jiji la Kisumu inanifaa kwa sababu moja kubwa: hupima TSH (homoni itokayo chini ya ubongo kuichochea tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na ambayo hushuka homoni za tezi hiyo zikizidi) pamoja na T4 huru na T3 huru (homoni za tezi yenyewe, zile zisizoshikamana na protini za damu), na huandika viwango vya kawaida kando ya kila jibu. Hilo si jambo dogo kwa mwenye ugonjwa wa Graves, ambao kingamwili zake huichochea tezi ya thairoidi itoe homoni kupita kiasi, kwani baada ya kuanza kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni hizo, TSH inaweza kubaki chini kwa wiki nyingi hata pale T4 imekwisha kushuka. Anayesoma TSH peke yake atadhani dawa haifanyi kazi. Mhudumu, kabla hata hajanifunga mpira mkononi, aliniuliza kama ninameza vidonge vya nywele na kucha, maana biotini (vitamini B7) iliyomo huweza kupotosha majibu. Kwingineko sijawahi kuulizwa swali hilo. Foleni ya asubuhi, hata hivyo, inachosha, na majibu ya T3 huchelewa kuliko wanavyoahidi. Ningependa pia waandike matokeo ya awali kwenye karatasi ileile, ili daktari aone mwelekeo bila kupekua faili nzima.