Chombo cha kuhifadhia mafuta ya nazi, korosho na achari: kipi kinunuliwe kwanza

Miaka kadhaa iliyopita nilichukua dumu la lita tano lililokuwa na mafuta ya taa, nikaliosha kwa sabuni, nikalisugua kwa mchanga na ndimu, nikalianika siku mbili hadi pua yangu haikusikia chochote, kisha nikalijaza mafuta ya nazi aliyoyakamua shangazi yangu kule Mikindani. Baada ya wiki tatu, wali uliopikwa kwa mafuta yale ulinuka taa tangu sufuria ilipofunuliwa.

Uso wa dumu ulikuwa safi. Mafuta ya taa yalikuwa yamezama ndani ya plastiki yenyewe. Plastiki kwa ndani ni minyororo mirefu iliyosokotana kama nyuzi za makumbi, na katikati yake hubaki mianya ambamo chembe ndogo husogea kutoka palipojaa kwenda palipopungua. Mafuta ya taa yaliingia kwa njia hiyo, na yakatoka kwa njia hiyo hiyo. Ndivyo zinavyohama pia kemikali ambazo kiwanda huchanganya katika plastiki, kama vilainishi na dawa za kuizuia isichakae. Joto huongeza kasi, muda huongeza kiasi, na mafuta huzivuta zaidi kuliko maji kwa sababu nyingi kati yake huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo maabara za Ulaya hupima vyombo vya vyakula vya mafuta kwa kutumia mafuta ya mboga, na vya vyakula vichachu kwa asidi ya siki ya asilimia 3. Kwa jumla, vinavyohama havitakiwi kuzidi miligramu 10 kwa kila desimita moja ya mraba ya uso unaogusa chakula.

Huku kwetu Mtwara na Lindi, ambako chakula cha kuhifadhi ni mafuta ya nazi na ya ufuta, achari ya embe, na korosho ambayo zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta, naweka chupa ya kioo mbele ya vyote. Kioo hakina mianya ya namna hiyo. Ila mnunuzi atazame kifuniko: ule utepe laini wa ndani unaoziba hewa mara nyingi ni plastiki iliyojaa vilainishi, na mafuta yakiugusa kwa miezi huvichukua. Chupa isijazwe hadi mdomoni, wala isilazwe ubavu kabatini.

Nafasi ya pili naipa stili isiyoshika kutu, hasa kwa korosho zilizokaangwa na kwa chakula cha moto cha kubeba. Kwa achari siipendekezi, maana chumvi na uchachu vikikaa miezi huila hata stili, na alumini ndiyo kabisa.

Katika plastiki, tafuta namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo. Namba 5, yaani polipropilini, huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi na hustahimili chakula cha moto kuliko nyingine za kawaida, lakini mchuzi wa nazi unaotokota usubiri upoe kwanza.

Kinachofuata kitawashangaza baadhi ya wasomaji: kwa mafuta yanayokaa mahali penye ubaridi na giza, naweka namba 1, ile ya chupa za maji ya kunywa, juu ya dumu la namba 2. Katika joto la kawaida minyororo ya namba 1 imekakamaa, na chembe husogea humo polepole mno kuliko ndani ya dumu. Udhaifu wake ni joto, kwani kuanzia nyuzi 70 hivi hulegea, kwa hiyo haifai kutiwa chai wala uji wa moto. Tena chupa za mafuta zinazopangwa juani kando ya barabara ya Mtwara kwenda Lindi sinunui, hata bei iwe nafuu kiasi gani. Dumu jipya la namba 2 linatosha sana kwa maji, na kwa mafuta yatakayokwisha mapema.

Namba 3 na namba 6 zisitumike kwa chakula cha moto au cha mafuta. Namba 7 ni mkusanyiko wa plastiki mbalimbali, ikiwemo polikaboneti, ile ngumu inayong'aa ya baadhi ya madumu makubwa ya maji, inayotengenezwa kwa bisfenoli A. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango kinachovumilika cha kemikali hiyo kwa siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani mara 20,000, na mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku ya kuitumia katika vyombo vya chakula.

Dukani, usiridhike na kutazama tu. Fungua kifuniko, kifunge tena, liache dumu juani dakika chache huku ukiulizia bei nyingine, kisha lifungue na unuse hapo hapo mdomoni mwake. Joto hilo dogo hufukuza harufu iliyojificha ndani ya plastiki. Likinuka sabuni, rangi au taa, mrudishie muuzaji, na lisilo na namba kabisa, linunue kwa kumwagilia bustani.