Memori ya karibu au ya zamu?

Seva yetu hapa Mtwara ina soketi mbili (nafasi za prosesa), kila moja na RAM yake. Prosesa pamoja na RAM yake huitwa nodi: nodi 0 na nodi 1. Amri ya numactl --hardware inaonyesha umbali wa 10 kwa memori ya nyumbani na 21 kwa ya jirani, namba za kulinganisha tu. Ukiwa Mikindani, ghala la mtaani ni hatua chache. La Masasi ni safari.

Linux kwa kawaida hufuata sera ya karibu: ukurasa (kipande kidogo cha memori) hupangiwa nodi ya prosesa inayougusa kwanza. Inayougusa, siyo inayouomba! Hapo ndipo tulipokwama. Programu yetu ya mizani ya korosho ilijaza data yote kwa kiini kimoja cha prosesa ilipowaka, ikalala yote nodi 0. Viini vya upande wa pili vikawa kiguu na njia.

Sera ya zamu hugawa kurasa, kwa kawaida za kilobaiti 4, moja huku moja kule. Karibu nusu ya safari zitakuwa za mbali, ndiyo, lakini foleni inapungua kwa kuwa mzigo umegawanywa kwa nodi zote mbili. Kwa hifadhidata inayotumiwa na viini vyote, nachukua hii. Kazi ndogo inayotosha ndani ya nodi moja, iache na sera ya karibu.