Chakula cha mtoto wa paka kinapoishia tumboni mwa paka mkubwa

Weka bakuli la chakula cha watoto wa paka sakafuni kwenye nyumba yenye paka wazima wawili, kisha simama pembeni utazame. Mtoto wa wiki nane, ambaye hata kilo moja hajatimiza, ananusa, anatafuna punje mbili tatu, anaona kamba ya kiatu na kuikimbilia. Kabla hajarudi, mkubwa wa nyumba ameshafika na kutumbukiza kichwa bakulini. Mwenye nguvu mpishe. Mtoto akirudi anakuta bakuli limelambwa, anahamia kwenye bakuli la wakubwa na kujishibia huko. Mkubwa amekula chakula cha kujenga mwili alioumaliza kuujenga zamani, na mdogo amekula chakula cha kutunza mwili ambao bado hana.

Kwa hiyo kumpimia mtoto chakula kana kwamba ataishi peke yake hakusaidii. Aina zinazouzwa tumezipima hapa kwa swali moja: kikiliwa na asiyehusika, kitamfanya nini?

Kwanza geuza pakiti. Picha ya mbele haina maana yoyote. Tafuta maandishi madogo ya nyuma yanayosema chakula ni kamili na chenye uwiano, na ni kwa ajili ya nani: ukuaji, paka wazima, au hatua zote za maisha. Marekani viwango hivyo vinatokana na AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, Ulaya vinatokana na FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani. Kwa AAFCO, ukiondoa maji yote, chakula cha ukuaji kiwe na protini isiyopungua asilimia 30, cha wazima 26. Kalsiamu ni asilimia 1.0 kwa cha ukuaji na 0.6 kwa cha wazima, fosforasi 0.8 na 0.5. Chakula cha hatua zote lazima kifikie kiwango cha ukuaji, kile cha juu. Kikiandikwa kuwa ni cha nyongeza, basi ni kitafunwa, hata kama kopo limejaa vipande vizuri vya samaki. Wengi hunaswa hapo.

Neno "kamili" lina historia yake. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa wakiugua moyo uliotanuka walikuwa na upungufu wa taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, ilhali walikuwa wakila vyakula vya kununuliwa. Walipoongezewa taurini, mioyo ilipata nafuu. Mwili wa paka hautengenezi taurini ya kutosha, lazima aile. Ndiyo sababu chakula cha mbwa hakimfai paka wa umri wowote, na mtoto ndiye wa mwisho kabisa kujaribiwa nacho.

Kingine kinachopotosha ni asilimia zenyewe. Pakiti ya chakula laini inasema protini 10, punje kavu zinasema 32, na mnunuzi anachukua punje. Toa maji kwanza. Pakiti laini yenye maji asilimia 80 imebakiwa na 20 ya chakula. 10 katika 20 ni asilimia 50. Punje zenye maji asilimia 8 zimebakiwa na 92. 32 katika 92 ni karibu 35. Pakiti iliyodharauliwa ndiyo yenye protini nyingi.

Tuanze na punje kavu za watoto, kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa zaidi. Zina nguvu nyingi, kwa kawaida kilokalori 380 hadi 420 kwa gramu 100. Mtoto wa kilo moja anahitaji kama kilokalori 175 kwa siku, yaani gramu 45 hivi, zigawanywe mara nne. Sifa yao kubwa ni kwamba hazichachi bakulini, na ubaya wao mkubwa ni huohuo: zinakaa siku nzima zikimngoja mwizi. Paka mzima wa kilo nne aliyehasiwa anahitaji takriban kilokalori 240. Akiiba gramu 20 tu za punje hizi amejiongezea kilokalori 80, theluthi ya mahitaji yake ya siku, juu ya chakula chake cha kawaida. Gramu 20 ni konzi ndogo ya mkono. Huwezi kuiona ikipungua. Ukinunua punje, nunua na mizani ya jikoni. Kikombe cha plastiki kinachokuja na mfuko ni cha kukisia, na kosa la gramu kumi kwa mtoto wa kilo moja ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya chakula chake.

Chakula laini cha watoto ndicho tunachokipa alama ya juu kwa miezi ya mwanzo. Sababu si ladha. Mtoto hukimaliza kwa dakika chache, bakuli linaondolewa, mwizi anakuta sakafu tupu. Tena kina maji, na paka wengi si wanywaji. Pakiti ya gramu 85 mara nyingi ina kilokalori 70 hadi 90, kwa hiyo mtoto wa kilo moja atahitaji mbili na ziada kidogo kwa siku. Tatizo linaanza anapokua: akifika kilo mbili anataka karibu kilokalori 290, pakiti tatu na nusu au zaidi, na mfuko wako utalalamika. Hapo changanya. Pakiti mbili zenye kilokalori 80 kila moja pamoja na gramu 33 za punje zinatosha siku nzima.

Kasoro yake ni kuharibika. Kisikae bakulini zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali kiondoe mapema zaidi. Kilichobaki kifunikwe na kiwekwe kwenye friji, kitumike ndani ya siku mbili. Mtoto akikikataa kesho yake, usikimbilie kubadilisha chapa: chakula cha baridi hakinukii, na paka hula kwa pua. Tumbukiza pakiti kwenye maji ya moto kidogo mpaka iwe vuguvugu kama mwili, koroga, ujaribu tena.

Chakula cha hatua zote za maisha hakitangazwi sana, ila kwa nyumba yenye wazima wenye afya ndicho kinachomaliza ugomvi. Yeyote akila bakuli la yeyote, hakuna kilichoharibika. Mtoto anapata kalsiamu na protini yake, na mkubwa analindwa na mizani tu: soma kilokalori kwenye pakiti, pima gramu zake, basi. Tunakipunguzia alama kwa mawili. Mara nyingi kina nguvu nyingi, kwa hiyo mmiliki anayemwaga kwa jicho atafuga mapipa. Pili, paka mzee mwenye figo dhaifu hafai kula fosforasi ya kiwango cha ukuaji, wala paka aliyeandikiwa chakula maalumu cha mawe ya mkojo asikiguse.

Vyakula maalumu vina hatari upande wa pili pia. Kile cha kupunguza uzito kina nyuzinyuzi nyingi na kalori chache, kwa hiyo tumbo dogo la mtoto linajaa kabla hajapata anachohitaji. Vya mkojo havikutengenezwa kwa mwili unaokua. Mtoto akionja mara moja hakuna neno, ila akivizoea ndiyo shida.

Kuwalisha wote chakula cha wazima ni chaguo la mwisho. Wali na dagaa, au nyama tupu ya kuchemsha, vina alama ya chini hata kuliko hicho, hata kama mtoto anavipenda mno. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yenyewe, na mtoto anavunjika mguu kwa kuruka kutoka kitini. Maini kila siku yanazidisha vitamini A. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, kwa hiyo mchuzi wa sufuria ya watu usimwagwe juu ya chochote.

Sasa vifaa. Bakuli lenye kifuniko kinachosoma chipu ya paka, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, na kumfungukia mwenyewe tu linafanya kazi, ila watu hulipeleka kwa paka asiye sahihi. Lifungie chakula cha yule mwenye dawa au mwenye figo, kwa kuwa ndiye ambaye bakuli lake likiibiwa, au akiiba la mwenzake, kuna madhara ya kweli. Lina udhaifu: mtoto anaweza kuchomeka kichwa pembeni ya mkubwa kifuniko kikiwa wazi, na paka mwoga hukimbia mlio wa mota. Liache wazi siku kadhaa kabla ya kuwasha. Boksi lililopinduliwa na kutobolewa tundu linalopitisha mabega ya mtoto tu linatoa huduma hiyohiyo, mpaka mtoto naye anenepe. Kuwawekea wakubwa chakula juu ya meza kunafaa mpaka mdogo ajifunze kupanda, na atajifunza haraka kuliko unavyodhani. Mlango uliofungwa kwa dakika ishirini, mara nne kwa siku, bado haujashindwa na kifaa chochote.

Usibadilishe chakula siku ya kwanza. Mpe alichozoea alikotoka kwa siku kadhaa, kisha robo ya kipya kwa siku mbili, nusu kwa siku mbili, robo tatu, na kadhalika hadi siku ya saba au ya kumi. Wanaoruka hatua hizi hukutana na kuhara na kulaumu chapa. Mtoto mdogo aliyepitisha nusu siku bila kula, au anayeharisha na kulegea, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hana akiba mwilini. Na umwangalie mkubwa anayenuna kwa sababu ya mgeni. Paka mnene akigoma kula siku mbili au tatu, mafuta yanaweza kulijaa ini lake.

Pima kila wiki kwa mizani ileile. Mtoto aongezeke kama gramu 100 kwa wiki mpaka miezi minne au mitano. Mkubwa wa kilo nne aliyeongezeka gramu 200 tangu mtoto aje ameshakula visivyo vyake, hata kama hujamfumania. Kutoka milo minne, mtoto ashuke hadi mitatu akifika miezi minne, na miwili baada ya sita. Akihasiwa, hitaji lake la kalori hushuka huku hamu ikipanda, kwa hiyo punguza gramu kwa kama robo lakini usibadilishe aina: abaki na chakula cha ukuaji mpaka miezi 12, na mbari kubwa kama Maine Coon wakae nacho zaidi ya hapo.