Mafuta ya zeituni: chupa tatu za rafuni, moja ya kununua

Chupa ya "extra virgin" ina mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine bila kemikali, na asidi huru yake (kipimo cha ubora, ikiwa ndogo ni bora) haizidi 0.8%. Iliyoandikwa "pure" au "olive oil" tu ni mafuta yaliyosafishwa kiwandani hadi yakapoteza harufu, kisha yakatiwa kiasi cha mafuta ya asili. "Pomace" hutolewa kwenye machicha ya zeituni kwa kemikali ya kuyeyusha. Hayadhuru, ila si ya kulipiwa bei ya extra virgin. Na "light" isikudanganye: wepesi ni wa rangi na ladha tu, kijiko cha chakula bado kina kalori kama 120, sawa na alizeti. Tofauti iko kwenye aina ya mafuta yenyewe: katika kijiko hicho cha zeituni mafuta mgando ("saturated" kwenye lebo) ni gramu 2 hivi, wakati katika kijiko cha mafuta ya nazi yanazidi gramu 11.

Chaguo letu ni extra virgin ya Picual, aina ya zeituni za Jaén, kusini mwa Hispania. Ni machungu kidogo na yanawasha kooni, na wapo wanaodhani yameharibika. La hasha. Mwasho huo ni wa oleokanthali, mojawapo ya polifenoli, viambata vya asili vya zeituni ambavyo usafishaji wa kiwandani huviondoa. Asiyependa uchungu atafute Chemlali ya Tunisia, ni laini zaidi. Yaliyoharibika kweli hunuka kama karanga za zamani, na mara nyingi ni kwa sababu ya chupa angavu iliyokaa kwenye mwanga au kando ya jiko. Chukua chupa nyeusi au kopo, tafuta tarehe ya mavuno, nunua nusu lita uimalize ndani ya miezi miwili au mitatu. Kuyagandisha kwenye friji hakuthibitishi kwamba ni halisi. Vile vichupa vya famasi ni vya kupaka, visiingie jikoni.

Kwa kachumbari, koroga chumvi kwenye kijiko 1 cha ndimu kwanza, maana haiyeyuki kwenye mafuta, ndipo utie vijiko 3 vya mafuta. Maharage yamwagie kijiko kimoja baada ya kuipua. Yakichemka nayo, harufu huondoka na mvuke. Vitunguu na samaki kwa moto wa wastani havina tatizo, kwani moshi huanza kwenye nyuzi 190 hadi 210 za Selsiasi. Maandazi yaachie alizeti. Kujaza karai kwa Picual ni kuchoma hela.