Brashi Njema, Fundi Jeuri: Uzoefu Wangu wa Kubadilisha Brashi za Mashine ya Kuoshea Magari

"Mama yangu, wewe osha magari, mambo ya mota tuachie wenyewe." Maneno hayo niliambiwa ndani ya kituo changu mwenyewe, nikiwa nimeshika mkononi waipa ya nyuma ya gari la mteja, na aliyeyasema ni fundi wa kampuni iliyoniuzia brashi zilizoing'oa waipa hiyo. Imepita miezi kadhaa sasa, na brashi zenyewe, nikisema kweli, nimekuja kuzipenda. Lakini kila ninapokaa niandike maoni ya haki juu yake, sauti ya kijana yule hunirudia masikioni na hasira hunipanda upya. Msomaji anivumilie, kwa kuwa haya si maoni ya mtu aliyetulia.

Mashine yangu ni ile ambayo gari husimama mahali pamoja, na lango lenye brashi mbili za pembeni na moja ya juu ndilo linalokwenda na kurudi. Kwa muda mrefu ilikuwa na brashi za vitambaa, ambazo sikuwa na ugomvi mkubwa nazo, kwani zinaosha kwa upole, hazina kelele, na gari hutoka liking'aa. Ubaya wa kitambaa ni kwamba hunywa maji. Kikilowa huwa kizito, shafti na beringi hubeba uzito huo kutwa nzima, usiku hakikauki upesi, na kisiposuuzwa vizuri huficha uchafu ndani yake ukasubiri gari la kesho. Beringi ya brashi ya juu ilipoanza kulia kwa mara ya pili, niliona imetosha.

Nyuzi za plastiki ya polithini nilizikataa mapema. Zinadumu, na ncha zake huchanwa ili ziwe laini, lakini hukakamaa zikikaa sana juani, na zikishika uchafu alama zake huonekana haraka juu ya rangi nyeusi. Wapo wanaoosha malori na mabasi ambao hawataki kusikia habari ya kitu kingine, nami siwalaumu, maana ubavu wa basi hauna mtu wa kuuinamia akiwa amevaa miwani. Wateja wangu mimi huinama. Ndiyo maana nilichagua povu, si la sabuni bali lile la kama sponji, la vitundu vilivyofungika ambalo halinywi maji, lililokatwa vipande virefu vyembamba vinavyotawanyika brashi inapozunguka. Uchaguzi huo siujutii, na ningependa hilo likumbukwe ninapoendelea kulalamika.

Fundi alikuja, akafungua vipande vya zamani kwenye shafti, akafunga vipya, akazizungusha brashi mara mbili hewani bila gari, kisha akanipa karatasi nitie saini. Nilimwuliza kama hakuna kitu cha kurekebisha kwenye sanduku la umeme, kwa kuwa niliona kwa macho yangu kwamba alichokiondoa kilihitaji watu wawili kukibeba, na alichokiweka alikiinua peke yake huku akizungumza na simu. Akajibu kwamba hakuna, brashi ni brashi. Nikatia saini. Hilo ni kosa langu, na nimeshajilaumu vya kutosha.

Kesho yake asubuhi, kwenye gari la nne au la tano, niliona brashi za pembeni zikizama ndani ya ubavu wa gari kuliko nilivyozoea. Kioo cha pembeni kikakunjwa kwa nguvu. Kabla sijafika kwenye kitufe chekundu, brashi ya juu ilikuwa imeshavuka paa na kushuka nyuma, na huko haikuteleza juu ya kioo kama ilivyopaswa, bali ilijikandamiza, ikaikamata waipa na kuizungusha mpaka ikatoka na kibanio chake. Sauti ile sijaisahau. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni yangu akinywa chai.

Nilipiga simu, na fundi alifika jioni akiwa na uso wa mtu aliyekatizwa usingizi. Nilimweleza nilichokiona na nilichokishuku: kwamba brashi mpya ni nyepesi na mashine haijui. Hapo ndipo aliponipa sentensi yake ile, mbele ya vijana wangu wa kazi, akaongeza kwamba waipa za magari ya siku hizi ni dhaifu. Sikumjibu. Nimelelewa kutomjibu mtu nikiwa na kitu kigumu mkononi.

Fundi wa pili, mtu wa makamo ambaye niliomba msaada wake baada ya siku kadhaa za mashine kusimama, alimaliza kazi bila kelele, na alinieleza jambo ambalo muuzaji yeyote wa brashi anapaswa kulisema kabla ya kupokea malipo. Mashine ya namna hii hujua kwamba imeligusa gari kwa kupima umeme unaovutwa na mota ya brashi: brashi ikikutana na bati, mota hupata kazi zaidi, umeme hupanda, na ukifikia kikomo kilichowekwa, mashine huacha kuisukuma brashi au huirudisha nyuma kidogo. Kikomo changu kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya vitambaa vilivyojaa maji. Povu lilipofungwa, mota ikawa inazunguka bila kutoa jasho, kwa hiyo mashine ikaendelea kusukuma, ikiutafuta uzito ambao haupo tena, mithili ya mtu aliyezoea mlango mzito ambaye siku bawaba zikitiwa mafuta huanguka ndani ya nyumba. Alipima umeme brashi zikizunguka bure zikiwa zimelowa, akashusha kikomo, akapitisha gari lake mwenyewe kwanza. Nilishuku sawasawa, kumbe! Muosha magari alikuwa amelijua jambo la mota.

Tangu siku ile brashi hizi zimenipa raha ambayo sikuitarajia. Beringi imenyamaza. Zikizungushwa kidogo baada ya kazi hutoa maji yote, na asubuhi hazina ile harufu ya kitambaa kilicholala kimelowa. Zina kelele ya kupiga makofi juu ya boneti, ambayo baadhi ya wateja huidhania kuwa ni hitilafu, ingawa watoto waliofungiwa ndani ya gari na wazazi wao huifurahia mno. Zinataka sabuni na maji mengi ili ziteleze. Ukibana maji, hukwama kwama na kuacha mistari. Kama ningeandika maoni haya mwezi wa pili baada ya kuzifunga, ningezipa sifa zote na kumtukana fundi peke yake.

Lakini akaja mzee mmoja mwenye gari jeusi, mteja wa siku nyingi, akaniambia kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "Mwanangu, hebu njoo uangalie hapa, gari likiwa juani." Juu ya boneti palikuwa na mikwaruzo myembamba ya duara, mingi, kama utando wa buibui. Hasira yangu yote ilirudi kwa kampuni ile. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua, na ndani yake neno "matapeli" lilikuwa limetokea mara tatu.

Barua hiyo haikutumwa, kwa sababu fundi wangu wa makamo alichukua kipande cha povu, akakikamua kwenye kitambaa cheupe, na kitambaa kikabaki na mchanga. Vanishi inayolinda rangi ya gari mara nyingi haizidi unene wa maikroni 40 au 50 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani wembamba wa kushindana na unywele, lakini povu safi halina ugumu wa kuikwaruza. Mchanga unao. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kwazi, yaani madini yaliyojaa kwenye mchanga wa kawaida, hupewa 7, juu ya kioo cha dirisha, kwa hiyo brashi yoyote inayobeba mchanga, iwe ya povu, kitambaa au plastiki, imegeuka msasa. Na mchanga ulitoka wapi? Ulitoka kwenye maji yangu mwenyewe. Nilikuwa nikilowesha brashi kwa maji yaliyotumika na kurudishwa, tangi la kutuamishia mchanga lilikuwa limejaa matope karibu mpaka mdomoni, na siku za foleni vijana walikuwa wakiruka hatua ya kuondoa udongo kwa maji ya presha kabla brashi hazijaligusa gari. Nami niliwaona wakiruka, nikanyamaza.

Siku hizi maji yaliyorudishwa hutumika chini ya gari na kwenye suuzo la kwanza tu, brashi hupewa maji safi, na hakuna gari linaloguswa kabla ya kupigwa presha, hata foleni iwe ndefu namna gani. Gari la mzee nililipolishi bila kumtoza kitu, na mikwaruzo mipya sijaiona.

Je, basi niiondolee lawama kampuni ile? Nilikaribia kufanya hivyo, mpaka nilipokumbuka kwamba maswali mawili tu, brashi zako za zamani zilikuwa za nini na maji yako yanatoka wapi, yangeiokoa waipa moja na boneti moja, na kwamba mtu aliyepaswa kuyauliza alikuwa kwenye simu. Brashi ninazisifu. Usimikaji wake ulikuwa wa hovyo. Anayetaka kununua anunue, ila asisaini karatasi yoyote kabla ya kuona umeme wa mota umepimwa brashi zikiwa zimelowa, na kikomo kimewekwa upya mbele ya macho yake.

Vipande vya brashi ya juu vimeanza kuwa vifupi, kwa kuwa ndivyo vinavyofanya kazi kubwa, nami nimeshaagiza vingine vya povu lilelile kutoka kwa kampuni ileile, maana bidhaa yao sijaona inayoishinda. Binti aliyepokea simu alizungumza nami kwa adabu sana, akaniuliza fundi wao aje siku gani. Nilimjibu kwamba brashi zije peke yake, spana ninazo.