Watathmini wa vyeti vya sekondari kwa vyuo vya Marekani: nyota tatu

Binti yangu alipoomba vyuo Marekani, tulilipia kampuni iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa kampuni za Marekani zinazotathmini vyeti vya nje, ulioanzishwa 1987. Ripoti yao ni safi kweli: kila somo limeorodheshwa, alama zimegeuzwa kuwa wastani wa mizani ya Marekani ambayo 4.0 ndiyo ya juu, na cheti kimetajwa kuwa sawa na diploma ya sekondari ya kule.

Kilichoniudhi ni ushauri. Walitusukumia tathmini ya somo kwa somo, iliyo ghali zaidi, kumbe chuo kimoja kilitaka ya cheti tu, na kingine hukagua vyeti chenyewe bila malipo! Serikali ya shirikisho haitathmini vyeti; kila chuo kina masharti yake. Wazazi wenzangu, ulizeni kwanza ofisi ya udahili, ndipo mlipe. Matokeo nayo yatoke moja kwa moja baraza la mitihani; nakala yetu kampuni iliikataa, na hapo ilikuwa sahihi.