Wijeti za Blogger: bure kweli, ila usizijaze zote

Kila nikisikia mtu anasema Blogger, ile huduma ya Google ya kutengeneza blogu bure, imepitwa na wakati nacheka, kwa sababu kwa upande wa wijeti, kwa mtu mwenye blogu yake binafsi asiyetaka kulipia hata senti, mi sijaona wa kuishinda. Wenyewe wanaziita gajeti lakini ni kitu kilekile, vile viboksi vya pembeni au chini ya posti vinavyoonyesha posti zilizosomwa sana, lebo, sehemu ya kutafuta na matangazo.

Kuziweka hakuna ufundi wowote. Unaingia Layout, inakuja ramani ya blogu yako imegawanywa vyumba vyumba, unabonyeza Add a Gadget kwenye chumba unachotaka, unachagua, unasevu, basi. Ukitaka kuihamisha unaiburuta tu. Ugumu uko kwenye kuchagua, maana zipo nyingi na zote zinavutia.

Popular Posts weka, hiyo haina mjadala. Ila ingia kwenye setingi zake uchague zilizosomwa sana ndani ya siku 30, usiache ya muda wote, la sivyo ile posti yako moja ya matokeo ya kidato cha nne ambayo watu waliifuata kama nzi miaka ile itakaa juu pale mpaka kiama na vitu vyako vipya havionekani. Lebo nazo weka kwa mtindo wa orodha, tena chagua chache, ule mtindo wa maneno makubwa kwa madogo kwenye simu unagusa hili linafunguka lile. Arkaivu iweke ile ya menyu ya kushuka, ukiacha ndefu inakula ukurasa mzima.

Sasa kuna hii HTML/JavaScript, hapa ndo utamu wote ulipo. Ni kiboksi kitupu, unapesti kodi yoyote (yale maandishi ya kompyuta) nacho kinaitii. WordPress.com ya bure, yaani mpinzani wa Blogger, ukipesti skripti kama hiyo inafutwa, huku Blogger wanakuachia tu. Mi naipendea kitufe cha WhatsApp, unaandika linki ya wa.me/ halafu namba yako inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo, ukianza na 07 haikupeleki kwenye chati. Kama unauza vitu kupitia blogu, kitufe hicho kimoja kinakusaidia kuliko hizo zingine zote ukizijumlisha.

Lakini uhuru huohuo ndo unaponza watu. Jamaa yangu alipesti kaunta ya wageni ya bure aliyoitoa kwenye tovuti fulani hata haijui, mwanzoni safi kabisa, baadae msomaji akigusa popote anarushwa kwenye mambo ya kubeti. Kumbe ulichopesti ni mstari tu unaoita faili lililoko kwa mwenyewe huko, na yeye akiamua kulibadilisha leo usiku, kwako linabadilika bila wewe kugusa chochote. Saa, kalenda, theluji zinazodondoka (theluji, Dar!), achana nazo, zinamla msomaji bando bure. Enzi zile Michuzi, yule mwanablogu maarufu, ameshika chati blogu nyingi za Bongo zilikuwa hivyo, pembeni pamejaa mpaka posti yenyewe unaitafuta, ila kipindi kile tulikuwa tunasoma kwenye kompyuta za kafe.

Kwenye simu ndo naikata maksi. Ukiwa na templeti (ule muundo wa blogu) ya zamani, gajeti nyingi hazitokei kabisa kwenye muonekano wa simu, na hawakuambii. Dawa ipo lakini wameificha: muonekano wa simu uweke Custom, halafu ingia Edit HTML, tafuta mstari wa gajeti yako, mfano b:widget id='PopularPosts1', ongeza mobile='yes' humohumo ndani ya mstari, sevu. Chukua kopi ya templeti kwanza kabla hujagusa. Templeti mpya kama Contempo inajipanga yenyewe kwenye simu ila vitu vya pembeni inavificha nyuma ya vile vimistari vitatu, na nani anabonyeza pale? Kwa hiyo gajeti unayoijali iweke chini ya posti, sio pembeni.

Wordpress ya kujihosti, ile unayoiweka kwenye seva unayolipia mwenyewe, wana wijeti nyingi zaidi, sikatai, ila tangu toleo la 5.8 la 2021 wamezigeuza kuwa bloku na wengi wamekimbilia plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya Classic Widgets kurudisha za zamani.

Kinachoniuma ni ile gajeti ya kufuata kwa imeili, ilikufa 2021 FeedBurner, huduma ya Google iliyokuwa inazituma, walipoacha kutuma imeili na hawajaleta mbadala. Sa hivi ukitaka wasomaji wapate taarifa ya posti mpya inabidi utafute kodi ya huduma ya nje, au uweke linki ya chaneli yako ya WhatsApp kwenye kiboksi kilekile cha HTML, na kwa wasomaji wetu mi naona hii ya pili inapata watu wengi zaidi.